Mama Wanne wa Tuta la Juu

Jumatatu asubuhi shemeji yangu Januarius alisimama upande wake wa uzio wa minyaa akaniambia kwamba Jumamosi wazee watakuja kuiangalia mimea yangu. Hakunisalimia. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tuta, nainua matunda ya stroberi moja moja na kuyatandikia nyasi kavu, kwa sababu tunda likilala kwenye udongo wenye unyevu linaoza ubavu kabla halijaiva.

"Waangalie nini?" nilimuuliza.

"Kama inakufa au haifi. Unakumbuka ulichokiwekea dole gumba, shemeji. Kama haifi, Jumapili unafunga mizigo."

"Nifunge niende wapi?"

"Shishiyu si kwenu?"

Akaenda kufungua ng'ombe. Niliwatazama wakipita nyuma ya uzio kwenda malishoni, nikamwona yule mwekundu mwenye doa jeupe begani, na kama kila siku nikageuza uso. Habari ya ng'ombe huyo lazima niieleze kwanza, maana bila yeye mambo ya Jumamosi hayaeleweki.

Mimi naitwa Generoza, binti wa mzee Masele wa Shishiyu, wilaya ya Maswa. Shule sikupelekwa. Walikwenda kaka zangu, mimi nikabaki na ndama, na mtoto wa mama yangu mgongoni. Nilipoolewa na Kasmiri hapa Bariadi, baba alinipa mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe. Alisema mbele ya watu wa pande zote mbili kwamba huyu hahusiki na mahari, huyu ni wa Generoza, akizaa anywe maziwa. Nilikuja naye kwa miguu, siku mbili. Alizaa, na watoto wake wakazaa, na wengine walitoka na rangi ile ile na doa lile lile. Mume wangu alikuwa mtu mwema, alikuwa akiwatenga kwa maneno kila anapowaonyesha wageni: hawa wa ukoo, hawa wa mke wangu. Mwaka ule wa ukame yule ng'ombe wa baba akafa, mzee, meno yameisha. Mwaka uliofuata akafa Kasmiri. Wa uzao wa ng'ombe wangu walikuwa wamebaki saba.

Baada ya matanga ukoo ulikaa. Mimi nina mtoto mmoja tu, Violeth, na ameolewa mbali, Tukuyu. Mtoto wa kiume sina. Shamba la pamba la Zagayu likaenda kwa Januarius. Nyumba ya bati ikaenda kwa Januarius. Hayo nilinyamaza, nilikuwa nayategemea. Lilipofikiwa zizi nikasema saba ni wangu, ni uzao wa ng'ombe wa baba yangu. Wote wakamgeukia mzee Bujiku, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na akishasema hakuna anayesema tena. Mzee Bujiku alivuta ugoro wake kwanza.

"Ng'ombe uliyekuja naye alikufa, mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma chetu. "Tunakusikitikia. Hawa ni ng'ombe wengine. Wamezaliwa katika zizi letu, wamekula nyasi zetu. Kilichozaliwa si kile kilichokufa."

Basi. Wakatikisa vichwa kukubali, wakapita kwenye jambo jingine.

Mimi nikapewa chumba cha uani kilichokuwa jiko, pamoja na kipande cha ardhi nyuma yake, hatua ishirini kwa kumi na mbili mpaka kwenye minyaa. Kwa sharti. Athanasi, mwenyekiti wetu wa mtaa, ndiye aliyeandika: nitakaa hapo maisha yangu yote, lakini nisipande kitu kisichokufa. Kwetu jambo hilo linajulikana hata kwa mtoto. Mtu akipanda mwembe, mchungwa, hata mgomba, ameishika ardhi, na kesho atasema hapa ni pangu, mti wangu huu hapa. Kwa hiyo mtu wa kupewa tu, mgeni au mjane kama mimi, anapanda vitu vya msimu: mchicha, nyanya, choroko, viazi. Msimu ukiisha ardhi inabaki tupu na mwenyewe anaiona. Nikivunja sharti hilo, natoka. Niliweka dole gumba. Wakati ule sikujua kuandika hata jina langu.

Mwaka jana mwezi wa pili Violeth alikuja kunitazama. Tukuyu kuna baridi na mvua, watu wanalima vitu ambavyo huku tunavisikia tu. Alileta miche kumi na miwili ya stroberi imefungwa kwenye kitenge kilicholowa, ndani ya sufuria, na njia nzima kwenye basi alikuwa ameipakata.

"Kwenye jua hili?" nilimwambia. "Unanitania."

"Utaitengenezea kivuli, mama. Wewe una mkono wa kulea."

Neno hilo sikuwa nimelisikia kwa mtu tangu Kasmiri afe. Kwa ajili yake tu nikachimba.

Minane ilikufa, na makosa yalikuwa yangu. Mitatu niliizika mno, nikaufunika moyo wa mche kwa udongo kama mtu anayepanda viazi, ikaoza. Mitano niliiwekea samadi mbichi, na mimi mtoto wa wafugaji nilipaswa kujua. Majani yakaungua kama yamepitiwa na moto. Ilibaki minne. Violeth akanielekeza kwa simu: samadi iliyokaa mpaka imeisha harufu, moyo wa mche uwe juu ya udongo, chini utandaze maganda ya mpunga, na juu usimamishe chanja ya nyasi kuzuia jua la mchana. Ile minne niliihamishia tuta la juu, karibu na mlango wangu, na pembeni ya kila mmoja nikachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu ili mtu asiukanyage. Asubuhi na jioni niliimwagilia kwa chupa niliyoitoboa kifuniko, polepole, chini kabisa, bila kulowesha majani. Maji nayafuata kisimani kwa ndoo.

Mwezi wa saba, baridi ilipoingia, ikazaa. Nililiweka tunda la kwanza kwenye kiganja nikaliangalia muda mrefu, mbegu zake ziko nje badala ya ndani, na harufu yake ikajaza chumba chote cha jiko la zamani. Mama mmoja anayeoka keki za harusi mjini alisikia, akaja, akaonja, akasema chochote kitakachoiva ni chake. Kuanzia hapo sabuni yangu, chumvi yangu na dawa yangu ya presha zinatoka kwenye matuta yale. Sikumwendea Januarius tena kumwomba kitu. Nadhani hilo ndilo lililomuudhi kabla ya yote.

Baada ya kuzaa, mmea ule hutoa kamba nyembamba inayotambaa juu ya udongo, na kwenye ncha ya kamba kuna mtoto mwenye majani mawili. Ukimkandamiza kwa kijiti kwenye udongo laini anatoa mizizi yake, ukikata kamba anajitegemea. Watoto wa mwaka jana waliuawa wote na jua la mwezi wa tisa na wa kumi. Niliokoa wale mama wanne tu, kwa ndoo. Mvua za masika mwaka huu zilipokuja wakazaa watoto tena, na safari hii nilijua la kufanya. Mpaka mwezi wa saba mwaka huu nilikuwa na watoto arobaini na watatu kwenye matuta matatu, wote wa mvua hizi, na mama zao wanne pale juu.

Halafu nikaharibu kwa mdomo wangu mwenyewe. Mke wa Januarius anaitwa Kija. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, na si mtu mbaya, ila kinachoingia sikioni kwake hakikai. Siku moja alichungulia uzioni, nikampa tunda moja, akalila macho yamefumba.

"Mama Violeth, hivi si ndivyo vile vya mwaka jana?"

"Ndivyo hivyo."

"Mpaka leo? Nyanya zangu zimekwisha hadi miti yake nimekokea moto."

"Nyanya ni nyanya," nilimwambia. "Huu mmea haufi, mdogo wangu. Unazaa tu. Nitakufa mimi niuache."

Nilisema kwa majivuno. Miaka minne sikuwa na kitu cha kujivunia. Siku ya tatu yake ndiyo ile Jumatatu.

Sababu ya Januarius haikuwa mmea. Mji wa Bariadi unakuja upande wetu, kila mwezi unaona msingi mpya wa tofali umeota kwenye shamba la mtu. Kuna bwana kutoka Mwanza alikuwa anatafuta kiwanja, na kiwanja kinachofika barabarani kilikuwa kinapita katikati ya matuta yangu.

Jumatano nilimpigia Violeth. Nilipomaliza kumweleza akasema, "Mama, ng'oa wale wanne."

"Wale uliowapakata?"

"Nilikwambia tangu mwezi wa tano. Mama akishazaa misimu miwili anachoka. Matunda yanakuwa kama punje, na magonjwa yanaanzia kwake. Huku kila mtu anang'oa, anabaki na watoto."

"Siwezi."

"Basi hama."

Mtoto wangu hajawahi kunijibu hivyo. Nilisikia anapumua kwa nguvu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hesabu. Ukiondoa hao wanne, kuna mche gani hapo uliokuwepo mwaka jana?"

Nikahesabu. Haukuwepo hata mmoja.

Lakini kuhesabu na kung'oa ni vitu viwili. Alhamisi nilishika jembe nikaliweka chini. Jioni hiyo nikamwagilia wale wanne kama kawaida yao. Ijumaa Januarius akamleta yule bwana wa Mwanza. Hawakubisha hodi. Bwana alikuwa na futi ya kupimia, wakaikunjua kuanzia minyaa mpaka mlangoni kwangu, na kiatu chake kikakanyaga tuta la chini. Niliona watoto wawili wamelala chini ya soli yake.

"Umekanyaga," nilimwambia.

Aliangalia chini. "Hivi vijani?"

"Usijali, bwana," Januarius akasema. "Kesho kutwa hakuna kitu hapa."

"Huyu mama yeye anahamia wapi?"

"Kwao. Mwenyewe anapenda."

"Napenda?" nilisema. "Uliniuliza lini, Januarius?"

"Shemeji, usinitie aibu mbele ya mgeni."

Yule bwana akakunja futi yake haraka. Nadhani hakuwa ameambiwa kwamba kuna mtu ndani ya kiwanja. Alipoondoka nilipiga magoti nikawainua wale wawili, mmoja ulikuwa umevunjika moyo kabisa, mwingine nikaushindilia udongo. Nilifanya kwa haraka na kwa hasira, sikuukaza vizuri.

Jumamosi jua lilipochomoza nilikwenda tuta la juu. Sikutumia jembe. Niliingiza vidole chini ya mmea wa kwanza nikauvuta. Shina lake lilikuwa limekuwa gumu na jeusi kama kisigino cha mtu anayetembea peku, na mizizi ilishika udongo, ikatoka na sauti ya nguo inayochanika. Ulikuwa na maua mawili na tunda moja bichi. Nikang'oa wa pili, wa tatu. Wa nne nilikaa nao. Huo ndio uliozaa lile tunda la kwanza. Nikamkumbuka Violeth na sufuria yake kwenye basi, nikaung'oa, nikaiweka yote minne juu ya lundo la takataka pembeni ya chanja, mizizi juu, jua lifanye kazi yake. Vijiti vyenye vitambaa vyekundu niliviacha pale pale. Sikutaka kuficha kitu.

Saa nne wakaja. Mzee Bujiku na fimbo yake, wazee wengine wawili wa ukoo, mwenyekiti Athanasi na faili lake, na Januarius amevaa shati la kanisani. Kija alikuja nyuma yao bila kuniangalia.

"Mwangaluka, mayu," mzee Bujiku alisema.

"Mwangaluka, baba. Karibuni."

Niliwatolea viti viwili na kigoda, wengine wakasimama. Athanasi akasoma karatasi. Alipofika penye "asipande kitu kisichokufa", Januarius akanyoosha kidole kwenye matuta kama mtu anayeonyesha mwizi.

"Hivyo hapo. Vina mwaka wa pili. Havijafa na havitakufa, mwenyewe amesema. Kija, sema ulivyosikia."

Kija alikuwa anasokota ncha ya kitenge chake. "Alisema..."

"Sema kwa sauti, wazee wasikie."

"Alisema huu mmea haufi. Unazaa tu." Kisha akaongeza haraka, "Lakini tulikuwa tunaongea tu, ya wanawake, alikuwa amenipa tunda—"

"Umekwishasema. Inatosha," Januarius alimkata.

Mzee Bujiku akanigeukia. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

Mmoja wa wale wazee alicheka. "Basi tumeitiwa nini? Amekiri, twende zetu, jua linachoma."

Nilisimama. "Baba, nilisema kama mtu anavyojisifia mtoto wake. Lakini nyinyi mmekuja kuangalia kwa macho. Shemeji anasema vina mwaka wa pili. Anionyeshe mmoja wa mwaka jana. Mmoja tu."

"Ile minne ya juu!" Januarius alisema, na tayari alikuwa anatembea. "Ile yenye vitambaa vyekundu. Kila mtu mtaa huu anaijua, hata—" Akasimama. Vitambaa vilikuwepo. Chini yake kulikuwa na mashimo manne.

"Ameing'oa! Wazee, ameing'oa leo, udongo bado mbichi!"

"Nimeing'oa," nilisema. "Ile pale."

Mzee Bujiku alikwenda kwenye lundo, akaigeuza kwa ncha ya fimbo. Majani yalikuwa yamelala. Aligeuza mmoja, akageuza mwingine, hakuridhika.

"Umeing'oa ili utudanganye, mayu."

"Baba, pamba yako, ukivuna ukaiacha shambani, haichipui tena mvua zikirudi?"

Aliyejibu ni yule mzee aliyecheka. "Inachipua sana tu. Maotea. Ndiyo maana kila mwaka tunalazimishwa kung'oa na kuchoma."

"Na bado mnaiita kitu cha msimu," nilisema. "Kwa sababu mnaing'oa. Mimi nimeng'oa, mnaniita mwongo. Waliobaki hapo wote nimewaotesha kwa mvua hizi. Hakuna hata mmoja uliowahi kuona mwezi wa saba mwingine."

Athanasi alitabasamu kwenye faili lake. Mzee aliyecheka akasema, "Aisee, amesema." Na kwa mara ya kwanza wiki ile nilipumua.

Lakini Januarius si mjinga. Alikuja mbele ya mzee Bujiku akachuchumaa, akaanza kuongea taratibu, kwa heshima, kwa Kisukuma, kama mtu anayemfundisha baba yake bila baba kujua.

"Baba, usiangalie mche. Angalia kundi. Ng'ombe mmoja anakufa, lakini kundi linakufa? Mama amekufa, ameacha ndama, ndama ameacha ndama, miaka hamsini kundi lipo zizini. Hivi vitu ndivyo vilivyo. Atang'oa mama kila mwaka na kila mwaka watoto wapo. Miaka ishirini ijayo vitakuwa hapa hapa. Kama hicho siyo kitu kisichokufa, basi ni nini?"

Niliona neno hilo linaingia kwa wale wazee. Ni watu wa ng'ombe, na ulikuwa mfano wa nyumbani kwao. Yule aliyecheka alikuna kidevu. Mzee Bujiku akaanza kutikisa kichwa, pole pole, kukubali. Nilijua akishamaliza kutikisa ataongea, na akishaongea imekwisha.

"Baba," nilisema, "kabla hujasema."

"Shemeji, muache mzee aseme," Januarius alisema.

"Kabla hujasema, baba, nakukumbusha. Miaka minne iliyopita, hapo hapo kwenye ile baraza, nilidai ng'ombe saba. Ulisema ng'ombe niliyekuja naye alikufa. Ulisema kilichozaliwa si kile kilichokufa. Wote mliopo hapa mlikuwepo. Mwenyekiti, uliandika au hukuandika?"

Athanasi akafungua faili nyuma, akapekua, akaweka kidole. "Nimeandika. Maneno hayo hayo."

"Sasa leo shemeji anasema mama akifa kundi halifi, watoto ni yeye yule. Mimi sibishani naye. Anaweza kuwa sahihi. Kama yuko sahihi, baba, amueni hivyo, nifunge mizigo kesho. Lakini nikiondoka naondoka na ng'ombe wangu saba, na wote waliozaa tangu siku ile. Nitawaswaga mpaka Shishiyu kwa miguu. Njia naijua."

Januarius alisimama taratibu. Nilimwona anahesabu, midomo inacheza kidogo, na nilijua anahesabu nini, kwa sababu hata mimi huwahesabu kila asubuhi kabla sijageuza uso. Saba wamekuwa kumi na nne.

Mzee Bujiku alitoa ugoro wake, akavuta, akapiga chafya, akajifuta. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Januarius, na Januarius akatikisa kichwa mara moja, hapana.

Nakiri jambo moja ambalo sikuwaambia. Dakika ile nilitamani waamue dhidi yangu. Niliona ng'ombe kumi na nne barabarani, yule mwekundu mbele, na ndugu zangu wa Shishiyu wamesimama mlangoni.

"Tulikwishasema," mzee Bujiku alisema mwishoni. "Ukoo hausemi maneno mawili. Kilichozaliwa si kile kilichokufa. Hivi ni vitu vya msimu. Mama akae."

"Lakini kila mwaka ang'oe wale wa zamani," Januarius alisema.

"Nitang'oa," nilisema.

Athanasi akaandika, akiwa ameliegemeza faili gotini. Alinipa karatasi na kidau cha wino cha dole gumba. Nikamwambia, nipe kalamu. Wamama wa jumuiya yetu kanisani walinifundisha herufi mwaka juzi, kwa daftari la nyimbo. Naweza kusoma, kwa kidole, polepole. Nikasoma mbele yao wote wamesimama juani, na niliona wanachoka, nikaendelea kusoma. Kilichozaliwa si kile kilichokufa. Safari hii maneno yalikuwa yangu pia. Nikiweka jina langu chini yake, hakuna baraza, hakuna mahakama, hakuna hata ndugu yangu atakayenisikia tena nikisema ng'ombe wale ni wangu. Januarius alijua. Alikuwa ananiangalia mkono.

Nikaandika Generoza. Herufi zilipanda juu upande mmoja.

"Asante, shemeji," alisema, na alikuwa anamaanisha. Hilo liliniuma kuliko lile la Jumatatu.

Walipoondoka nilivitoa vile vijiti vyekundu kwenye mashimo manne, nikachagua watoto wanne wenye mioyo minene, nikawapanda pale, mioyo juu, maganda ya mpunga chini. Nikamwagilia. Mchana ng'ombe walirudi kunywa maji wakapita nyuma ya minyaa, na sikugeuza uso. Niliwatazama wote mpaka wa mwisho, kama mtu anavyotazama ng'ombe wa jirani.

Jioni Kija akachungulia uzioni. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikumuuliza kwa nini.

"Mama Violeth. Sikutaka kusema vile."

"Ulisema ulichosikia."

Alitaka kitu, niliona.

"Nipe na mimi mmoja," alisema mwishoni. "Hata ule mdogo kabisa."

"Utaupanda wapi? Ardhi hiyo unayoikanyaga ni yako?"

Alitazama miguu yake, kisha akatazama nyumba ya bati nyuma yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nikaenda tuta la chini, nikachimba ule uliokanyagwa na kiatu cha bwana wa Mwanza, ule ambao sikuukaza vizuri, majani mawili tu, nikampitishia juu ya minyaa pamoja na udongo wake.

"Moyo usiuzike," nilimwambia. "Na ukiota, usimwambie mtu kwamba haufi."